Si Haba ya Mjomba Wobbe

Upondo wa Jildou ulikuwa umeshafungwa juu ya trela tangu Ijumaa asubuhi, na kila nilipopita dirishani niliuona. Vipande viwili vyeusi vya kaboni vimelala bega kwa bega, vimechomoza nje ya trela, na kitambaa chekundu nchani ili magari ya watu yasije yakajichoma. Binti yangu aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, akivuta kamba kama anayemfunga mwizi. Kesho yake ilikuwa siku ya ubingwa wa Friesland, mkoa wetu huku Uholanzi. Ubingwa ukiisha tu, alisema, trela halirudi kwa mjomba wake. Tukifika njia panda tunakata kushoto, kwenda kwenye klabu ya kocha Rinze, na huko ndiko atakakorukia kuanzia sasa.

"Mjomba wako umemwambia?" nilimuuliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Si unamjua, Mama. Kasema 'haya'."

Nikaenda kufua taulo ambazo nilikuwa nimeshazifua. Mimi nikiwa na wasiwasi siwezi kukaa, kiti kinanichoma. Nilizianika, upepo ukazipiga, nikazianua kabla hazijakauka, nikazianika upya kwa upande mwingine. Jirani alinitazama kupitia ua akauliza kama kuna mgeni anakuja. Nikamwambia hapana, kuna mtu anaondoka.

Mchezo wetu mtu asiyeuzoea huona ni wazimu. Upondo unasimamishwa katikati ya mfereji. Mrukaji anakimbia juu ya jukwaa, anaurukia, anaudaka, kisha anaupanda kama mwizi wa nazi huku wenyewe unaanguka taratibu kuelekea ng'ambo, na akifika juu kabisa anajitupa mchangani. Anayetua mbali ndiye mshindi. Anayechelewa kupanda anaoga. Babu zetu walikuwa wanavuka mitaro hivyo hivyo wakitafuta mayai ya ndege malishoni. Wao walikuwa na njaa, sisi sijui tuna nini.

Wobbe ni kaka yangu mkubwa. Ana ng'ombe, ana klabu ya vijana aliyoianzisha na marehemu mkewe, Hiske, na ana maneno machache anayoyatumia kwa ubahili mkubwa. Neno lake la juu kabisa ni "si haba." Ng'ombe akizaa pacha, si haba. Nilipomleta mchumba wangu nyumbani, Wobbe alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, akasema si haba, na mama yetu akatokwa na machozi ya furaha, kwa sababu kwetu sifa haipandi juu ya hapo. Ndivyo tulivyolelewa. Tunaamini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa kuliogopa hilo tembo la maji tumewaacha wagema wetu wengi wakiondoka kimya kimya.

Sasa kichwa cha Wobbe na kichwa cha Jildou ni kichwa kimoja, kimegawiwa tu watu wawili. Ndiyo balaa yenyewe.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano, siku aliyokuja Merijn wa shirikisho la mchezo wetu. Kijana mzuri, viatu vyeupe, sauti laini, akatupanga wote duara kwenye nyasi zilizolowa. Alituambia vijana wanaozoea kushukuru hawavunjiki moyo upesi wakishindwa, na makocha wanaoshukuru hawaichoki kazi. Kwa hiyo kila mazoezi yakimalizika, kila mtu atamshukuru mtu mmoja, kwa jina, kwa jambo moja alilomfanyia. "Na kocha pia," alisema, akimtabasamia Wobbe.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kantini na birika la kahawa mkononi. Nawaambieni, sijawahi kuona watu wanateseka vile. Mmoja alimshukuru mbwa wake. Mwingine alikohoa mpaka zamu yake ikarukwa. Ilipofika zamu ya Jildou nilimwona anafumba mikono nyuma, na masikio yamekuwa mekundu.

"Namshukuru mjomba Wobbe," alisema, "kwa kunifungulia banda la mazoezi kila Jumanne wakati wa baridi."

Ilikuwa kazi kubwa kwa mtoto wa miaka kumi na sita wa ukoo wetu kutoa sentensi hiyo mbele za watu. Wobbe alitazama buti zake, akatazama ng'ambo, akasema, "Haya, haya. Ule mchanga haujasawazishwa. Nani anafuata?"

Ilipofika zamu yake mwenyewe, alinyanyua uso juu kulikokuwa kunanyunyiza.

"Naishukuru mvua," alisema. "Imekuja kidogo."

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mvua, na hakujali. Lakini mimi nilikuwa namtazama binti yangu, na yeye hakucheka. Mtu akikunyooshea zawadi kwa mikono miwili ukamwambia weka pale, usitegemee nyingine. Mazoezi yaliyofuata Jildou alisema, "Nawashukuru wote," na yaliyofuata tena hakuja kwenye duara kabisa, akaenda kuosha miguu.

Halafu mwezi wa saba akaruka mita kumi na tano na ushei, mruko mrefu kuliko yote ya maisha yake. Wenzake wakapiga mayowe. Mimi niliacha viazi kwenye mafuta vikaungua. Akaja mbio kwenye kidaraja, mchanga mpaka puani, akasimama mbele ya mjomba wake akihema.

"Si haba," alisema Wobbe.

"Si haba ni ya viazi!" Jildou alipasuka. "Mjomba, mimi si kiazi!"

"Umeruka mita kumi na tano. Unataka nini, tarumbeta?"

"Nataka useme kitu!"

"Nimesema."

"Hujasema! Hujawahi kusema! Mimi hata sijui kama unaniona!"

Wobbe alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu aliyeulizwa kama analiona jua mchana. Alienda kuvuta upondo utoke majini, maana mtu mwingine angerukia. Wiki ile ile Jildou akapanda baiskeli kwenda kufanya mazoezi kwa Rinze, ambaye humwambia kila mtu "bora kabisa" hata aliyetumbukia. Wobbe aliposikia alisema tu kwamba Rinze huwapigia makofi hata mabata.

Basi Ijumaa ile, taulo zilipokwisha kuninyanyasa, nilichukua baiskeli yangu nikaenda zizini kwa kaka yangu. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakata tyubu kuukuu ya baiskeli kwa mkasi. Warukaji huzifunga miguuni, vipande vyembamba vya mpira, ili miguu isiteleze juu ya upondo. Alikuwa anakata vyembamba sana, kwa mguu mwembamba.

"Vya nani hivyo?" nilimuuliza.

"Vya yeyote."

"Wobbe, usinifanye mtoto."

Akaendelea kukata. "Kasema kesho nisisimame jukwaani. Basi sitasimama. Nitakaa ng'ambo kama watu wengine."

"Na utamwacha aende?"

"Ana miguu yake."

Nilizunguka zizi. Ng'ombe walinifuata kwa macho, nadhani nao niliwatia wasiwasi. Nikarudi nikasimama mbele yake. "Kaka, mwambie neno moja tu. Asante. Neno dogo, hata kasuku analimudu."

"Asante ya nini? Mimi ndiye kocha. Nimemfundisha tangu ana meno ya utoto. Nani amshukuru nani hapo?"

"Alikushukuru. Ukamwambia mchanga haujasawazishwa."

Akakata kipande kingine. Kisha akasema polepole, "Lakini haukuwa umesawazishwa."

Nilitamani kuichukua ile ndoo nimvike kichwani. Nilimwambia maneno ambayo mama yetu asingependa kuyasikia, mojawapo likiwa kwamba Hiske angekuwepo angeona aibu. Hapo mkasi ukasimama. Hiske alifariki mwaka juzi, majani yakiwa yanapukutika, na jina lake halitajwi ovyo katika zizi lile.

"Baridi ile, baada ya Hiske..." alianza. "Baridi ile yule mtoto..."

Nikasubiri. Mtamba mmoja akapiga teke lango, na Wobbe akainuka haraka, kwa shukrani ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipata kwake, akaenda kumtuliza. Aliporudi alikuwa ameshafunga mdomo. Nikaondoka kwa hasira, na njia nzima upepo ulikuwa wa kunikabili.

Jumamosi upepo uligeuka ukawa wa magharibi, na bendera zote za uwanjani zikawa zinachapa. Watu walijaa kwenye nyasi pande zote mbili za mfereji na viti vyao vya kukunja, viazi vya kukaanga vimejaa mayonezi, watoto wanarukaruka. Mimi nilikuwa natembea. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushika taulo, nikashukuru kuwa na kitu cha kukunja na kukunjua.

Rinze hakuweza kumsimamia Jildou, alikuwa na warukaji wake. Kwa hiyo Jildou aliutega upondo mwenyewe, akisaidiwa na msichana mwenzake wa klabu. Kutega upondo si mchezo. Unautikisa chini mpaka uupate udongo mgumu, kisha unauegemeza ukizingatia upepo, na ukikosea kwa upana wa kiganja, utakupeleka kusiko. Miaka yote kazi hiyo aliifanya na Wobbe, wawili wao, bila kuongea.

Mruko wa kwanza alikimbia vizuri, akadaka vizuri, akaanza kupanda, na upondo ukaanza kulala kushoto. Akatumbukia. Watu wakapiga makofi ya upole, maana kwetu kutumbukia si aibu. Lakini mimi nilimwona usoni alipotoka majini, nikamfunga taulo haraka.

"Umeutega kushoto mno," nilimwambia.

"Mama, tafadhali."

Nilitazama ng'ambo. Wobbe alikuwa amekaa nyuma ya kitanda cha mchanga, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anajifanya anasoma mawingu. Jildou aliporuka mara ya pili, nilimtazama yeye badala ya kumtazama mtoto. Mikono yake ilikuwa inapanda hewani, mmoja baada ya mwingine, bila mwenyewe kujua. Bibi aliyekaa pembeni yake ilibidi ahamishe kahawa yake. Jildou alitua pakavu, si mbali, lakini akaingia fainali akiwa wa mwisho.

Na hapo ndipo Merijn aliposhika maikrofoni. Duara lake lilikuwa limepanda cheo. Shirikisho, alitangaza, limependezwa sana, na leo kabla ya fainali kila kocha atatoa shukrani moja mbele ya hadhira. Uwanja mzima ukaguna kama ng'ombe waliocheleweshwa kukamuliwa.

Rinze alienda wa kwanza akawashukuru warukaji wake, wazazi wao, wapishi na wafadhili, na akaongeza "bora kabisa" mara kadhaa. Kisha likaitwa jina la Wobbe, kwa sababu kwenye ratiba yeye bado alikuwa kocha wa Jildou.

"Mvua!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye nyasi. "Mvua! Mvua!"

Alivuka kidaraja ameshika kofia mkononi. Sijamwona kaka yangu mwekundu vile tangu siku ya harusi yake. Alisimama mbele ya maikrofoni, akamtazama Jildou aliyekuwa amesimama na nywele zinachuruzika, akafungua mdomo. Sema, nilikuwa nanong'ona, sema tu, wewe mwanamume, sema. Niliona anataka. Naapa niliona anataka.

"Naushukuru upepo," alisema Wobbe. "Umepungua kidogo."

Kicheko kilitoka pande zote mbili za maji. Watu wengine walisimama wampigie makofi. Jildou naye alicheka, lakini kile kicheko cha meno tu, kisha akageuka akapanda jukwaani kufunga miguu yake. Nikamfuata na taulo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni, kwa sababu niliona limekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Trela litakata kushoto, na wale wawili watakuwa wanasalimiana kwenye misiba.

Mpira wa mguu wa kulia ulikatika mkononi mwake. Akautazama. Akapekua begi lake, hakuna mwingine. Mimi nilianza kutafuta mifukoni mwangu kama mjinga, sijui ningepata nini, funguo na kijiko cha kantini.

Ngazi za jukwaa zikalia. Wobbe alikuwa anapanda.

"Mjomba, nilikuomba usi..."

"Najua ulichoniomba. Lete mguu."

Akapiga magoti. Alitoa mfukoni vile vipande vyembamba vya Ijumaa, akaushika mguu wa mtoto, akaanza kuzungusha mpira kutoka kwenye kifundo kushuka, taratibu. Jildou hakuuvuta mguu. Mtangazaji alikuwa anamsifu mrukaji mwingine ng'ambo, na pale juu tulikuwa watatu tu. Wobbe hakunyanyua uso. Aliongea na kisigino.

"Baridi ile, baada ya Hiske," alisema. "Nilikuwa nakaa jikoni na koti mwilini. Moto siwashi. Ng'ombe niliwakamua kwa sababu walipiga kelele, wasingepiga nisingewakamua. Banda nililifunga. Wote wakaacha kuja, na mimi sikutaka waje. Halafu ukaja wewe, ukagonga dirisha. Ukaniambia, mjomba, kufuli nimeifungua, lakini kamba ya kupandia imenasa juu kwenye boriti, siifikii. Nikatoka nikaishusha. Nikaona kuna baridi, nikawasha jiko la bandani. Jumanne nyingine ukagonga tena. Kamba imenasa."

Jildou alikuwa anatazama maji.

"Haikuwa inanasa, mjomba," alisema. "Nilikuwa naitupia juu mwenyewe."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Kamba ile nimeishi nayo miaka mingi, haijawahi kupanda boriti peke yake. Nilijua tangu mara ya pili." Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza upya. "Siku za Jumanne nilikuwa nakaa kitini tangu mchana, nimeshavaa viatu, nasubiri ugonge. Ulipokuja na homa ukagonga hivyo hivyo. Mwezi wa tano ukanishukuru kwa kukufungulia banda. Banda hukufunguliwa na mimi, mwanangu. Ulilifungua wewe." Akakaza fundo la mwisho. "Asante, Jildou. Kwa kuitupa ile kamba."

Niliificha sura yangu kwenye taulo. Mimi ndiye mama yake, na kila Jumanne nilimwona anaondoka na baiskeli kwenye barafu, nikadhani anafuata mazoezi.

Mtangazaji aliita jina la Jildou. Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Wobbe alikuwa bado amepiga magoti, nadhani magoti yalikataa kumrudisha juu, na sasa ndiyo alinyanyua uso, uso umelowa kote, na akauliza kwa hofu ya mtoto wa shule:

"Nimesema vizuri?"

Jildou alipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Si haba, mjomba," alisema.

Kaka yangu aliipokea kama inavyopokelewa kwetu. Alifumba macho. Kisha akashika mkono ambao Jildou alimpa, akainuka, na wote wawili wakageukia upondo kama watu waliochelewa kazini. "Upepo umerudi," alisema Wobbe. "Kulia, kiganja kimoja." Jildou akausogeza bila kuuliza. Wobbe akautikisa chini, akasikiliza, akatikisa tena, akatoa ishara kwa kichwa.

Jildou alikimbia. Mbao za jukwaa zikavuma. Akaudaka juu, miguu ikakamata, na akaanza kupanda, mkono, mkono, mguu, mkono, na upondo ukasimama wima kabisa katikati ya mfereji, ukasitasita pale kama haujaamua. Ukaanza kulala ng'ambo, umenyooka. Alikuwa bado anapanda wakati unaanguka. Alijiachia kwenye ncha kabisa na kutua mbali, mbali kuliko mwezi wa saba.

"Vizuri!" mtu alifoka kando yangu. "Vizuri sana! Vizuri, mwanangu!"

Sauti ilikuwa ya Wobbe, na mwenyewe aligeuka kutazama ni nani aliyepiga kelele vile. Mzee mmoja chini ya jukwaa aliuliza kwa wasiwasi kama aitwe daktari.

Akawa wa pili. Msichana wa Rinze alimpita kwa urefu wa mkono, na Rinze akaja kumkumbatia Jildou akamwambia bora kabisa, na kwamba wanamsubiri, wameshamsafishia mahali pa upondo wake. Jildou akasema asante. Wobbe alikuwa karibu, anakunja kamba ya kuvutia pondo, ameikunja mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Hakumuuliza kitu. Mimi pia sikumuuliza. Nilikuwa na swali mdomoni kama kiazi cha moto, nikaogopa kulitema, kwa sababu jibu likitoka limetoka.

Tulipakia trela. Wobbe alikagua kila fundo, kwa mazoea, akalegeza moja akalikaza tena, akapiga upondo kofi dogo, akaenda kwenye gari lake. Sisi tukatangulia.

Jildou alikaa pembeni yangu, miguu juu ya dashibodi, mpira bado umefungwa kifundoni, anakula viazi vilivyopoa. Sikuwasha redio. Malisho yalikuwa yanapita, ng'ombe, mtaro, ng'ombe, na mbele niliiona ile miti mirefu ya njia panda. Kushoto kwa Rinze, kulia nyumbani na kwa Wobbe. Nikajikohoza. Nikasema kuna upepo. Akasema upo.

Alikuwa anatazama kioo cha pembeni.

"Mama," alisema. "Mjomba kawasha indiketa."

Nikatazama kwenye kioo changu. Nyuma yetu lilikuja gari kuukuu la Wobbe, polepole, taa ya kulia inapepesa, na njia panda bado ilikuwa mbali kabisa. Nyuma yake magari yalikuwa yamejipanga yanapiga honi.

"Atakuwa amejisahau," nilisema.

"Hajajisahau. Kaiwasha tangu darajani." Aliokota kiazi cha mwisho, akakitazama, akakila. "Anatia aibu huyu mtu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na wewe washa ya kulia, Mama, kabla hawajamgonga."